Sultani Aliyeomba Mshauri

Mara ya kwanza nilipokutana na Sultan Abdullah wa Perak ilikuwa saa nane usiku, kwenye keja yangu ya chumba kimoja huko Rongai, token za stima zikiwa zimebaki za kuhesabu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilinishinda, nikakosa mitihani ya muhula mmoja, na muhula uliofuata nikaona aibu kurudi. Nikaingia kazi ambayo vijana wengi wa Nairobi wanaijua ingawa hawaitaji mbele ya wazazi: kuwaandikia wanafunzi wa ng'ambo insha zao. Wao wanalipa kwa dola, mwenye akaunti anakata chake, wewe unabaki na ya unga na bando. Oda ya usiku huo ilisema: eleza chanzo na matokeo ya Mkataba wa Pangkor wa 1874. Maneno elfu mbili, kabla ya saa mbili asubuhi.

Perak sikuijua. Ungeniuliza ningekwambia ni sabuni. Lakini kazi ni kazi, nikasoma, nikaandika, nikatuma. Mtu nisiyemjua akapata alama zake na jina langu halikuwekwa popote. Nimeandika mengi kwa njia hiyo na mengi niliyasahau kabla hata pesa haijaingia kwa simu. Yule sultani sikumsahau. Kosa lake nililitambua nilipoliona: mtu mwenye haja alitia sahihi karatasi akidhani amewapata wa kumsaidia, kumbe wao ndio waliompata. Ngoja nimsimulie tena, safari hii kwa jina langu.

Perak iko pwani ya magharibi ya Rasi ya Malay, katika nchi tunayoiita leo Malaysia. Kwa Kimalei jina hilo lina maana ya fedha, ile inayong'aa, lakini utajiri wenyewe ulikuwa bati. Katika karne ya 19 viwanda vya Ulaya na Marekani vilitaka bati kwa wingi la kutengenezea makopo ya chakula, na wilaya ya Larut, kaskazini mwa Perak, ilikuwa imelijaza ardhini. Maelfu ya wachimbaji Wachina walimiminika huko. Sehemu nyingine za nchi ziliishi kwa mto. Kila mkuu wa eneo alikuwa na kipande chake cha Mto Perak, na mashua ikipita kwake, inalipa. Ukitaka kujua nani ana nguvu Perak ya zamani, usiulize nani ana jumba kubwa. Uliza nani anatoza ushuru, na wapi.

Abdullah alizaliwa mwaka 1842, mwana wa Sultan Jaafar. Lakini kuwa mwana wa sultani hakukutosha. Perak ilikuwa na utaratibu wa kupokezana: matawi ya ukoo wa kifalme yalishika kiti kwa zamu. Palikuwa na Sultani, chini yake Raja Muda ambaye ndiye mrithi, kisha Raja Bendahara. Sultani akifa, Raja Muda anapanda, na wa nyuma yake wanasogea. Ni kama foleni ya matatu pale stendi: unangoja zamu yako, na mtu akikurukia foleni, si utapiga kelele?

Mwaka 1871 Sultan Ali alifariki. Abdullah alikuwa Raja Muda, kwa hiyo zamu ilikuwa yake. Kulikuwa na sharti moja tu. Kwa desturi yao, sultani mpya anatangazwa kabla wa zamani hajazikwa, kwa hiyo mrithi anatakiwa awepo mazishini. Wakuu walimngoja. Abdullah hakutokea.

Sababu zinazotajwa ni zaidi ya moja. Safari ya kupanda mto ilimpitisha kwa watu wasiompenda. Tena inasemekana mkewe alikuwa amemtoroka na mwana wa kifalme wa Selangor, na mwanamume aliyeachwa hivyo anapata shida kujitokeza mbele ya halaiki. Vyovyote vile, wakuu wakamchagua Raja Bendahara, Ismail, mtu mzima wa juu ya mto. Ismail akakabidhiwa alama za enzi. Huku kwetu pwani, siwa ya Pate ililia mtu alipotawazwa, na asiye na siwa alikuwa na neno tu. Perak nako sultani alitambuliwa kwa vifaa na ngoma za kifalme. Abdullah, kule chini ya mto, alibaki na neno.

Hapo ndipo namwelewa. Nami nilikosa siku moja muhimu, na foleni ikaenda bila mimi.

Kule Larut, wakati huohuo, vyama viwili vya Wachina, Ghee Hin na Hai San, vilikuwa vinapigania migodi. Vilipigana mara ya kwanza mwanzoni mwa miaka ya 1860, na kufikia 1872 vita vilikuwa vimewaka upya. Mkuu wa Larut, Ngah Ibrahim, alitajirika kwa ushuru wa bati na akawa upande wa Ismail. Abdullah akaungana na Ghee Hin. Kwa hiyo ugomvi wa kiti na ugomvi wa migodi ukawa ugomvi mmoja. Wafanyabiashara wa Penang na Singapore, zilizokuwa chini ya Uingereza, waliona pesa zao zinazama kwenye matope ya Larut, wakaanza kulia kwa serikali.

Abdullah akaona mlango. Alimwahidi tajiri mmoja wa Singapore, Tan Kim Ching, haki ya kukusanya ushuru wa Larut iwapo atasaidiwa kupata kiti. Kisha, mwishoni mwa Desemba 1873, ikaandikwa barua kwa jina lake kwenda kwa gavana mpya Mwingereza, Sir Andrew Clarke. Ndani yake Abdullah aliomba atambuliwe kuwa sultani, na aletewe mtu mwenye uwezo wa kukaa naye na kumwonyesha namna nzuri ya kuendesha serikali.

Soma tena sentensi hiyo ya mwisho. Mshauri hakuletwa kwa nguvu kwanza. Aliombwa, kwa maandishi.

Clarke alikuwa ametumwa na London achunguze hali kisha atoe ripoti. Yeye hakungoja. Aliwaita wakuu wa Perak na viongozi wa Wachina kwenye kisiwa cha Pangkor, na tarehe 20 Januari 1874, ndani ya meli iitwayo Pluto, mkataba ukatiwa sahihi. Ismail hakuwepo. Safari hii yeye ndiye aliyekosa siku muhimu. Abdullah akatambuliwa kuwa sultani, Ismail akapewa cheo cha pembeni na posho, na Perak ikapata Rezidenti, yaani afisa Mwingereza wa kukaa na sultani.

Kifungu kilichobeba uzito wote ni kile cha Rezidenti. Kilisema kwamba ushauri wake lazima uombwe, na lazima ufuatwe, katika mambo yote isipokuwa yale yanayohusu dini na desturi za Wamalei. Ukusanyaji wa mapato na uendeshaji wa nchi navyo vikawekwa chini ya ushauri huohuo.

Sisi tunaozungumza Kiswahili tunalijua neno ushauri. Limetoka kwenye mzizi wa Kiarabu ambao umewapa Wamalei musyawarah yao. Ushauri ni jambo la watu kukaa, wakasikilizana, kisha mwenye uamuzi akaamua. Ushauri ambao lazima ufuatwe ni amri iliyovaa kanzu. Mkataba ulikuwa na nakala mbili, ya Kiingereza na ya Kimalei, na wanahistoria bado wanabishana kama mabwana wa Perak waliosikia ile ya Kimalei walisikia jambo lilelile.

Halafu kuna ile "isipokuwa." Nilipoisoma usiku ule nilidhani ni kinga nzuri: dini na desturi zimelindwa. Lakini kwa mkuu wa Perak, kutoza ushuru kwenye kipande chake cha mto ndiyo ilikuwa desturi yenyewe. Babake alitoza, babu yake alitoza. Mwingereza alipoandika "desturi" aliona harusi na mavazi. Mmalei alipoisikia aliona maisha yake yote. Nani atakayeamua maana? Yule mwenye meli za kivita.

Rezidenti wa kwanza alikuwa James Wheeler Woodford Birch, aliyeanza kazi Novemba 1874. Alikuwa mchapakazi, mwenye haraka, na Kimalei chake kilikuwa kidogo. Alitaka ushuru wote uingie kwenye hazina moja na wakuu walipwe posho. Pia alishambulia utumwa wa deni. Perak, mtu aliyeshindwa kulipa deni aliweza kuwa mali ya anayemdai, yeye na familia yake, na wanawake waliteseka zaidi. Birch aliwasaidia baadhi yao kutoroka.

Hapa hadithi inakataa kuwa rahisi. Ningependa kukwambia kwamba Birch alikuwa jitu na Abdullah shujaa wa uhuru. Si hivyo. Wale wanawake waliokimbilia kwa Birch walikuwa wanawakimbia watu wa Abdullah na wakuu wenzake. Sultani hakupigania uhuru wa kila mtu. Alipigania ushuru wake, heshima yake na watumwa wake. Na Birch hakuja kwa ajili ya wanawake hao. Alikuja kwa ajili ya bati. Mtu anaweza kufanya jambo la haki akiwa kwenye kazi isiyo ya haki, na aliyedhulumiwa anaweza kuwa dhalimu nyumbani kwake. Ukitaka historia isiyo na vitu kama hivyo, nenda kwa hotuba za sikukuu.

Abdullah alijaribu kuchelewesha. Alikwepa mikutano, alikataa kutia sahihi, akaandika barua. Katikati ya 1875 alikutana na wakuu huko Durian Sebatang na wakakubaliana kwamba Birch aondolewe kwa kuuawa. Mkuu mmoja, Maharaja Lela, alisema kazi hiyo ataifanya yeye. Wakati huo gavana mpya, Sir William Jervois, alitaka Waingereza waiendeshe Perak wenyewe bila kisingizio cha ushauri. Abdullah akatishiwa kwamba asipokubali, kiti kitapewa Raja Yusuf, mpinzani wake wa muda mrefu. Oktoba 1875 akatia sahihi tena.

Tarehe 2 Novemba 1875, siku chache baada ya Idi, Birch alifika Pasir Salak, kijiji cha Maharaja Lela, na watu wake wakaanza kubandika matangazo ya utawala mpya. Yeye akaenda kuoga katika kibanda cha kuogea mtoni. Mikuki ilipenya ukuta wa makuti.

Uingereza ilileta wanajeshi kutoka India na Hong Kong. Perak haikuweza kushindana nao. Maharaja Lela alijisalimisha, akashtakiwa, na tarehe 20 Januari 1877 akanyongwa. Angalia kalenda: ni miaka mitatu kamili tangu siku ya Pangkor. Abdullah alipelekwa Singapore kuchunguzwa, akavuliwa usultani, na mwaka 1877 akapakiwa melini pamoja na baadhi ya wakuu wake. Mmoja wao alikuwa Ngah Ibrahim, yuleyule bwana wa Larut aliyekuwa upande wa Ismail. Waliogombana nyumbani wakawa majirani uhamishoni. Kiti, baada ya muda, kilimwangukia Yusuf.

Walipelekwa Shelisheli. Ukitoka Mombasa ukaelekea mashariki kwa kilomita kama 1,700, utafika Mahé. Kwa miaka 17 Sultani wa Perak aliishi karibu na sisi kuliko alivyokuwa karibu na nyumbani kwake, sehemu ya muda huo kwenye kisiwa kidogo cha Félicité.

Yeye alitangulia, wenzake wakafuata. Waingereza waliona kwamba mahali hapo panafaa, wakapageuza kabati la wafalme waliowashinda. Prempeh wa Asante aliletwa mwaka 1900. Kabaka Mwanga wa Buganda na Omukama Kabalega wa Bunyoro walikamatwa pamoja mwaka 1899, wakapitishwa Kisimayu, wakaishia hukohuko Shelisheli. Mwanga alifia huko mwaka 1903. Kabalega aliruhusiwa kurudi mwaka 1923 akiwa mzee, akafia Jinja kabla hajaiona Bunyoro. Hata Khalid bin Barghash, aliyekalia kiti cha Zanzibar kwa siku mbili tu mwaka 1896 kabla ya mizinga ya Waingereza, alipitia Shelisheli baada ya kukamatwa wakati wa Vita vya Kwanza vya Dunia. Alifariki Mombasa mwaka 1927. Tukisoma habari zao shuleni, kila mmoja yuko kwenye sura yake, nchi yake. Aliyewahamisha aliwaweka kwenye faili moja.

Sasa kuna kisa ambacho Wamalaysia wanasimuliana. Huko Mahé kulikuwa na wimbo wa Kifaransa ulioitwa Rosalie, uliopigwa na bendi mahali pa wazi, na familia ya Abdullah ikaupenda. Baadaye mkuu mmoja wa Perak alikuwa ziarani London, akaulizwa: wimbo wa taifa lenu ni upi, tuupige mgeni anapoingia? Perak haikuwa na wimbo. Ili kuepuka aibu, mtu akaimba kwa mdomo ile sauti ya Shelisheli, na askari wa bendi wakaiandika. Matoleo ya kisa hiki hayakubaliani kuhusu mwaka wala mkuu aliyekuwa ziarani. Lakini kwamba sauti hiyo ikawa wimbo wa jimbo la Perak, hilo halina ubishi. Maneno yake yanaanza kwa kumwombea sultani umri mrefu. Ilipita kwenye majukwaa ya maigizo kama wimbo wa mapenzi wa mbalamwezi, na mwaka 1957 Malaya ilipopata uhuru, sauti hiyohiyo ikapewa maneno mapya, ikawa Negaraku, wimbo wa taifa.

Kwetu wimbo wa taifa ulitoka kwa Wapokomo wa Mto Tana: sauti ya mama anayembembeleza mtoto. Kwao ulikuja kwa njia ya mtu aliyefukuzwa kwao. Siku hiyo niliposikiliza Negaraku kwenye simu, nilirudia mara tatu, nikijaribu kuisikia bahari ndani yake. Nilisikia tarumbeta tu. Pengine ndivyo inavyokuwa uchungu wa mtu ukishavaa sare.

Mwaka 1894 Abdullah aliruhusiwa kuondoka Shelisheli, lakini si kurudi kwake. Aliishi Singapore, kisha Penang, kule kwa wafanyabiashara waliokuwa wamemsukuma aandike ile barua. Mwanawe, Raja Chulan, aliingia kazi ya serikali ya Waingereza haohao na akapanda sana. Ukienda Kuala Lumpur leo utaikuta barabara yenye jina lake katikati ya maghorofa. Mwana wa Birch naye, Ernest, alikuja kuwa Rezidenti wa Perak. Huko Ipoh kuna mnara wa saa wa kumkumbuka Birch, na mitaa ya karibu imepewa majina ya Maharaja Lela na Dato Sagor, walionyongwa kwa ajili yake.

Abdullah alirudi Perak mwaka 1922. Alikuwa na miaka 80, na ilikuwa imepita miaka 45. Aliyekuwa kwenye kiti ni Iskandar, mwana wa Idris, binamu yake. Wimbo uliotoka uhamishoni kwake sasa ulimwombea Iskandar umri mrefu. Desemba mwaka huohuo Abdullah akafariki, huko Kuala Kangsar, mji wa masultani.

Nimejiuliza angefanya nini tofauti. Rahisi kusema angesoma vizuri. Lakini alikuwa na kiti kilichochukuliwa, mapato yanayokauka na adui mwenye vifaa vya enzi mkononi. Mtu mwenye shida hasomi kifungu kwa kifungu. Anasoma mstari ule unaompa anachotaka, kisha anauliza kalamu iko wapi. Wamaasai mwaka 1904 waliahidiwa kwenye mkataba kwamba eneo la Laikipia litabaki lao maadamu kabila lao lipo. Mwaka 1911 wakahamishwa. Wao waliahidiwa kwa maandishi, na bado.

Wiki mbili zilizopita kampuni moja ya ng'ambo ilinitumia mkataba wa kazi ya kuandika. Kurasa 11. Pesa ni nzuri kuliko zozote nilizowahi kupata. Ukurasa wa saba unasema kwamba kila nitakachoandika, hata nje ya kazi yao, kitakuwa chao, na kwamba nitafuata "mwongozo wa kampuni kama utakavyobadilishwa mara kwa mara." Nilimpigia dadangu anayesoma sheria. Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Na wewe unataka nini hasa?" Sikuwa na jibu la haraka.

Niliwaandikia nikiomba maneno matano yaondolewe: hata nje ya kazi yao. Bado hawajanijibu. Kodi ni tarehe tano.